Isale Lililokwenda Maskati na Kurudi

Tangu nirudi sijapumua. Nikipita sokoni naulizwa, nikikaa kanisani nageuziwa shingo, na juzi msibani mama mmoja aliacha kumlilia marehemu akanivuta kanga: "Mwalimu, hebu tuambie, Maskati ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja tu, kwa ajili yenu wa kikundi chetu cha akina mama. Msome wote, halafu mniache ninywe chai yangu. Habari za viza na tiketi sisemi, maana sijawahi kumwona mtu aliyefurahishwa na habari za viza.

Marangu: kikao cha wenye akili

Mnamjua mdogo wangu Elisante, fundi wa mitambo mikubwa, mtoto wa kiume pekee wa marehemu baba yetu, Mzee Ndekirwa. Anaishi Maskati miaka mingi sasa. Mkewe Neema ni Mnyakyusa, muuguzi. Wana binti mmoja, Doreen, na baada ya huyo hawakupata tena. Likizo iliyopita walikwenda Malawi kwenye harusi ya muuguzi mwenzake Neema, wakapelekwa kutembelea nyumba moja ya kulelea yatima, wakamwona huko mvulana wa miaka sita. Wakarudi Maskati, wakafunga, wakaomba, kisha wakapiga simu nyumbani kutuambia wameamua. Wanamtaka awe mtoto wao kabisa, kwa sheria, na wanataka abebe jina la Ndekirwa.

Hapo moto ukawaka. Kwetu jina la babu hubebwa na mjukuu wa kwanza wa kiume, na jina hilo haliji peke yake. Linakuja na kihamba, shamba la ukoo lenye migomba yake na kahawa yake, na mahali pa kuzikwa. Baba wadogo wakaitana upesi kuliko wanavyoitana mtu akiugua. Kila mmoja alisema watoto wamejaa kwenye ukoo, iweje Elisante avuke mipaka kutafuta mwingine? Halafu kila mmoja akamtaja mjukuu wake mwenyewe kuwa ndiye anayefaa kupelekwa Maskati. Baba Mdogo Aminieli, mkubwa wao, alimpendekeza wake ambaye ameanza kunyoa ndevu.

Ningecheka, lakini na mimi nilikuwa upande wao. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na nimewaona watu wengi wakiokota mambo kwenye mahubiri na kuyatua kwenye mabega ya wengine. Na jina lenyewe ni la baba yangu. Mlimjua. Hakuwa mtu wa maneno. Mgeni akihutubia sana, au mchungaji akirefusha sala hadi ugali ukapoa, baba alifumbua macho akauliza, "Mmemaliza?" Watu walikuwa wanamwogopa kwa neno hilo moja. Nikajiuliza, jina kama hilo linakwendaje kuvalishwa mtoto tuliyemjua kwa picha ya simu tu?

Neno la kikao lilikuwa na uzito, kwa sababu Neema alikuwa amesema kwenye simu, akisikika na wote: "Nyumbani wakikataa, hatumchukui. Sitaki mtoto anayekubalika huku Maskati na kukataliwa Marangu." Kwa hiyo Baba Mdogo Aminieli akatoka nje, akakata kilele cha isale kwenye mpaka wa shamba, akalifunga jani fundo, akanikabidhi. Wenye asili ya kwingine mnisikilize: ombi likija na isale halikataliwi. Hata mtu aliyeuliwa ndugu, akiletewa isale, hulainika. Nilitumwa niliweke mkononi mwa Elisante na kusema, tunakuomba uache. Na asingeweza kusema hapana.

Mombo na Dar: nageuzwa mfanyakazi wa ndani

Nikalifunga isale kwenye gazeti lililoloweshwa, nikalitia kwenye begi pamoja na ndizi za mtori na nyama iliyokaushwa, nikapanda basi. Basi lilikufa Mombo. Kondakta alituambia ni dakika chache, kwa sauti ile ile anayotumia kusema viti vipo. Tukala chips mayai zilizonuka mafuta ya juzi, tukala machungwa, mwishowe tukaanza kulana sisi kwa maswali. Mwanamke wa kiti cha jirani akataka kujua nakwenda wapi. Niliposema Maskati, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Umri huo, mama yangu? Hata kama maisha magumu, watakupa kazi gani?"

Nikamwambia nakwenda kumsalimia mdogo wangu. Akaitikia "mh" ndefu, akanipa embe kwa huruma.

Kwenye uwanja wa ndege wa Dar ilikuwa vile vile. Ndege ilichelewa, tukakaa pamoja na mabinti wengi wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za majumbani. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, aliyekuwa akiwapanga, akanishika mkono na kuniingiza kwenye mstari wake.

"Bibi, wakala wako nani?"

"Wakala wangu ni Baba Mdogo Aminieli," nikamjibu. "Na ukinishika tena utaandika mistari mia kwamba hushiki watu wazima."

Mabinti wakacheka mpaka mmoja akaangusha pasipoti. Niliwahurumia, sisemi uongo. Walikuwa wanakwenda kulea watoto wa watu wasiowajua, na hakuna kikao kilichokaa kwa ajili yao. Wazo hilo lilinijia pale pale na sikulipenda, nikalifukuza.

Uwanja wa Maskati: mti mzima

Tulipofika, begi langu likafunguliwa. Ndizi zilipita, nyama ikabaki kwao, na sitaki kuizungumzia. Ofisa alikuwa kijana wa kanzu nyeupe na kofia ya nakshi, safi kama bwana harusi. Akainua lile gazeti bichi, akalifunua, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja ambacho sikukitarajia.

"Mamangu, na hili jani n'la nini? Dawa?"

"Si dawa. Ni la kuombea."

"Unakwenda kumwomba nani?"

"Mdogo wangu. Asifanye ujinga."

Akalitazama jani, akanitazama mimi. "Mie nnao ndugu watatu wa kiume," akasema. "Kwa hayo, mamangu, ungalileta mti mzima." Akaita mwenzake, wakazungumza Kiarabu, wakaligeuzageuza kutafuta wadudu, wakanirudishia. Huyo ndiye mtu wa kwanza katika safari nzima aliyenielewa.

Mabela: jani kwenye glasi

Elisante anakaa Mabela, mtaa wa nyumba mpya nyeupe, kuta ndefu, na barabara zisizo na mtu wa kumsalimia. Joto la huko halielezeki. Ukifungua mlango unadhani mtu amesahau kufunika chungu. Watu wanatoka ndani ya ubaridi wa nyumba wanaingia ndani ya ubaridi wa gari, na wakikutana dukani wanaulizana habari kana kwamba wametoka vitani.

Neema, ambaye huniita Shangazi kama bintiye, alinipokea vizuri, hilo nalikubali. Akanifungulia begi mwenyewe, na kwa kuwa Mnyakyusa hajui isale ni nini, alidhani ni ua nililomletea. "Jamani Shangazi, umebeba ua kutoka Kilimanjaro!" Akalitia kwenye glasi ya maji, akaliweka dirishani kwenye meza ya chakula, pamoja na fundo lake.

Elisante akarudi kazini, akanawa, akakaa kula. Akaliona. Kijiko kikasimama. Kisha akajitia hamnazo, akaniuliza habari za mvua. Tulikula namna hiyo siku kadhaa, jani likitutazama, Neema akilibadilishia maji na kulisifu linavyokaa bichi, na mtoto Doreen akiniambia habari za mdogo wake mtarajiwa: atalala chumba kipi, atapewa baiskeli ipi. Chumba kilikuwa tayari kimepakwa rangi. Nikawadharau kwa hilo. Watu wanapaka ukuta rangi kabla hawajamaliza maneno.

Siku moja Neema na Doreen walikuwa dukani. Elisante akaja akasimama karibu na dirisha.

"Dada, hilo limeletwa kwangu?"

"Limeletwa Maskati. Wewe sijakupa bado."

"Ukinipa siwezi kukataa. Unajua."

"Ndiyo maana nikatumwa mimi."

Akakuna kidevu, kama baba alivyokuwa akikuna. "Basi naomba kitu kimoja. Ijumaa tutaongea na mtoto kwenye simu. Mwone kwanza. Baada ya hapo nipe, nitalipokea, na yule mtoto atabaki alipo." Huyu ni mtu anayefungua injini za magari makubwa kama nyumba, na alikuwa anasimama mbele yangu kama mwanafunzi aliyekosa kalamu. Nilimwonea huruma na nikakasirika kwa kumwonea huruma.

Nyumba ya pili: kahawa kwa Bi Zuwena

Nyumba inayofuata anakaa Bi Zuwena, Mmanga aliyezaliwa Unguja akaletwa huku angali msichana. Aliposikia kuna Mtanzania mgeni, akatuma niitwe. Nilitaka kujua wapi nitapata ndizi nyingine za mtori, maana zangu Doreen alizila zikiwa mbivu.

"Zamani tungalikwenda hapo Mawaleh sokoni, mara moja tu," akasema. "Sasa soko wamelihamisha mbali, mpaka mtu akupakie gari. Lakini usihuzunike, mwanangu atakuletea." Akaita, akaja msichana mrefu, akanibusu kichwa, akaandika haja yangu kwenye simu, akaondoka.

Tukala halwa, tukanywa kahawa kwenye vikombe visivyotosha hata kulowesha ulimi. Nikamweleza shida yangu yote, nikitarajia aniunge mkono. Ni Mwislamu, nikajua dini yake haitaki mambo ya kubadilisha watoto majina.

"Ni kweli, sisi hatumvui mtoto jina la babake," akasema. "Huyu uliyemwona, si wa tumboni kwangu. Mie nimemlea tangu mchanga, wazee wake walikufa kwa gari. Anaitwa kwa babake mpaka leo, na mirathi yake yake. Lakini mlango huu wake, na atayemwambia si wake, akamwambie nje ya nyumba yangu." Akanijazia kahawa. "Na huyo wenu, bibie, anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Hamjamuuliza?" akasema Bi Zuwena.

Nilikuwa nimevuka bahari kulinda jina, na nilikuwa nimekaa kikao kizima na wazee wa ukoo, na hakuna mmoja wetu aliyeuliza mtoto huyo anaitwaje. Tulikuwa tunasema "yule wa Malawi". Nikala halwa nyingine ili nipate kazi ya kufanya. Bi Zuwena hakunishindilia neno. Aliniuliza tu kama Marangu kuna baridi ya kweli.

Ghala: keki yenye sura ya mtu

Maskati Wakristo wanasali Ijumaa kama sisi Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Kanisa liko Ghala, eneo la gereji na maghala. Unapita magari yaliyofunguliwa matumbo, matairi yamepangwa, harufu ya grisi, halafu unakuta watu wamevaa suti wanaimba. Niliona wengi: Wahindi, Wafilipino, Wakenya, kila kundi na saa yake. Ibada yetu haikuwa mbaya. Shida ilianza baadaye, nyumbani kwa Mama Joyce.

Mama Joyce ni Mkenya, kiongozi wa kikundi chao cha maombi, mwanamke mkubwa mwenye kicheko kikubwa na hakika kubwa zaidi. Alinikumbatia kabla sijamwambia jina langu.

"Mwalimu! Bwana asifiwe sana! Huyu mtoto tumemuombea mpaka tumelia. Mungu aliniambia nikiwa kwa foleni ya supermarket, huyu ni wa Elisante."

Nikamuuliza kwa nini Mungu hakumwambia Elisante mwenyewe. Akacheka, akanipiga bega, akaenda kuwaambia wenzake kwamba shangazi ana vichekesho.

Ndani walikuwa wamejaa, wote wamevaa fulana zenye maneno "Karibu Nyumbani" na picha ya mtoto kifuani. Mezani kulikuwa na keki, na juu ya keki picha ile ile, ya sukari. Nawaapia. Mama Joyce akakata akianzia sikioni, akamgawia kila mtu kipande cha uso, nami nikapewa paji. Nikasema mimi nina sukari, ingawa sina. Nilikuwa nimebeba mtori wangu kwenye bakuli, kwa ndizi za binti wa Bi Zuwena, kwa sababu mimi siamini chakula cha sherehe. Nikakaa pembeni nikala, na isale nilikuwa nimelitoa kwenye glasi, liko kwenye mkoba. Nilikuwa nimeamua. Simu ikiisha nalitoa, mbele ya fulana zote hizo, na mchezo ule unakwisha.

Simu ikaunganishwa na televisheni. Akatokea mlezi wa ile nyumba ya Malawi, mama mwenye kitambaa cha bluu, na kando yake mvulana mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Basi watu wakalipuka. Wakapiga vigelegele, wakaimba, wakapunga mikono, mmoja akalia kwa sauti, Mama Joyce akaanza kuomba akiwa amenyoosha kiganja kuelekea televisheni, na sala yake ilizunguka Misri yote kabla ya kurudi. Neema alikuwa amefumba macho. Elisante alikuwa ananitazama mimi.

Na mimi nilikuwa namtazama mtoto. Hakutabasamu. Hakupunga mkono. Aliwapitia mmoja mmoja kwa jicho la kuwapima, kama mtu anayechagua kuku asiyetaka kumnunua. Mama Joyce alipovuta pumzi katikati ya sala, mtoto akamgeukia mlezi wake, kisha akatugeukia sisi, na kwa lugha ya kwao akasema neno moja, polepole, bila hasira.

"Mwamaliza?"

Lilikuwa neno la baba. Hilo halikuhitaji mkalimani. Elisante alikuwa ameshaweka mkono mdomoni, nisijue kama anacheka au analia.

Watu wakanyamaza, wengine wakidhani mtoto amebariki. Katika ukimya huo akasogea karibu na simu, akanyoosha kidole, akasema maneno mengi kidogo. Mlezi akatafsiri kwa Kiingereza, na Neema akatuletea Kiswahili, akiwa na aibu.

"Shangazi, anauliza yule bibi asiyeimba, anakula nini."

"Mwulize kwanza anaitwa nani," nikasema.

Wakaulizana. "Limbani," akajibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo lililopaswa kujulikana zamani.

"Mwambie Limbani huu ni mtori. Ndizi na nyama. Mwambie kwa simu hauonjeki. Aje aonje."

Lilinitoka hivyo hivyo. Nililisikia likiwa limeshafika Malawi. Neema akalitafsiri, mlezi akamweleza mtoto, mtoto akafikiri, akatikisa kichwa kukubali, mara moja. Mama Joyce akapiga kelele kwamba Mungu amejibu. Nikamwambia akae, Mungu hakuwa kwenye foleni yake.

Kurudi: nyumbani kwa wenye akili

Elisante akanipeleka uwanjani. Nilipofungua mkoba kutafuta pasipoti, aliliona isale limo ndani bado.

"Hukunipa," akasema.

"Sikukupa. Narudi nalo kwa mwenyewe. Na huyo mtoto atabaki Limbani, mnanisikia? La Ndekirwa litakaa juu ya lake, halitalifuta. Na chumba kile rangi yake ni mbaya."

Akanikumbatia mbele za watu. Sisi kwetu hatuna desturi hiyo, na nilimwambia hivyo, ila sikumsukuma.

Safari ya kurudi ilikuwa mbaya kama ya kwenda, ndege ikachelewa na basi likajaa, na sitawachosha. Siku ya pili tu baba wadogo walikuwa wamekaa kwenye viti vyangu, kwenye chai yangu. Wakasema. Wakaeleza upya desturi nilizokua nazo mimi mwenyewe. Wakanipongeza kwa kazi niliyoifanya, ambayo hawakuwa wameiuliza. Mmoja akarudia habari za mjukuu wake anayefaa. Baba Mdogo Aminieli akafunga hotuba, akaifungua tena, akaeleza maana ya damu.

Niliwaacha. Waliponyamaza kuvuta chai, nikawatazama mmoja mmoja.

"Mmemaliza?"

Vikombe vikasimama hewani. Hawakuwa wamelisikia neno hilo nyumba hii tangu tumzike baba. Nikafungua mkoba, nikatoa isale, bado bichi, nikapiga goti na kuliweka kwenye mikono ya Baba Mdogo Aminieli. "Kuna mtoto anaitwa Limbani," nikasema. "Naomba aingie kwa jina la baba, na kihamba chake, na mahali pake."

Aliligeuza, akalitafuta fundo, akaliona ni lake, alilolifunga kwa vidole vyake mwenyewe. Wenzake wote walikuwa wanamtazama. Akakuna kidevu.

"Huyo Limbani," akasema mwishowe, "anakula mtori?"